Vifurushi vya Posta, Michezo ya Hatari na Mawe ya Shinkolobwe



Wazee wa Likasi wakiketi pamoja, mazungumzo hayakawii kurudi kwenye zamani. Hapa kwetu zamani hiyo ina nguzo mbili. Ya kwanza ni vitu vilivyotoka mbali: baiskeli iliyofika kwa gari la moshi, saa ya mkono, viatu vilivyochaguliwa katika picha za katalogi na kupokelewa posta baada ya majuma mengi. Ya pili ni michezo ambayo leo ingemtia mzazi yeyote hofu: kuogelea mtoni bila mtu mzima, kudandia mabehewa ya mawe, kuteleza juu ya vilima vya mabaki ya kiwanda, kulipua makopo ya bati kwa karbidi. Mzee husimulia, hucheka, kisha huhitimisha kwa maneno tuliyokwisha kuyazoea: sisi tulikua bila kuogopa, na tazameni, tuko hai.

Tunayapenda masimulizi hayo, wala hatutaki kumnyang'anya mzee furaha yake. Lakini historia ina maswali ambayo kumbukumbu tamu haipendi kuyauliza. Vitu vile vilitengenezwa kwa nini, na wapi? Hatari ile ilikuwa ya nani? Nani aliijua, na nani hakuambiwa? Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika ukurasa huu tunataka kufuata njia ya vitu vilivyoelea, na mtashangaa kuona kwamba njia moja inaanzia karibu sana na sisi tunaoishi hapa Buluo, katika kilima kilicho yapata kilomita 20 tu magharibi ya mji wetu.

Tuanze na posta yenyewe. Biashara ya kuuza vitu kwa njia ya barua ilipata nguvu katika karne ya 19. Mwaka 1872, huko Chicago, Marekani, Aaron Montgomery Ward alitoa orodha ya bidhaa zake katika karatasi moja tu, akiwalenga wakulima walioishi mbali na maduka. Miaka michache baadaye Richard Sears alianza na saa, na katalogi yake ikakua hadi kuwa kitabu kinene kilichouza kila kitu, kuanzia sindano hadi nyumba nzima ya kuunganishwa. Ufaransa nayo ilikuwa na kiwanda cha silaha na baiskeli cha Saint-Étienne, kilichoanza mwaka 1885 na kujulikana baadaye kwa jina la Manufrance. Katalogi yake ilisomwa hata katika makoloni. Utaratibu ulikuwa uleule kila mahali. Mnunuzi alichagua katika picha, akajaza fomu, akatuma fedha kwa hawala ya posta, kisha akangoja. Kungoja kulikuwa sehemu ya raha. Kitu kilichongojewa miezi miwili kilikuwa kikubwa zaidi moyoni kuliko kilivyokuwa ndani ya sanduku.

Katanga iliingia katika mtandao huo kwa njia ya reli. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikafika Kambove mwaka 1913. Mji wetu, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, ulizaliwa na kulelewa na reli na shaba. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilibadili siasa yake ya kazi. Badala ya kuajiri wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini, iliamua kuwaweka kambini pamoja na wake zao na watoto wao. Ilitoa nyumba, posho ya chakula, zahanati na shule. Baba alipokea unga na samaki kutoka kwa kampuni. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni na kusoma katika shule iliyosimamiwa na wamisionari kwa niaba ya kampuni.

Sasa fikirini: mtu ambaye kampuni inampimia hata unga, anatamani nini? Anatamani kitu alichokichagua mwenyewe. Ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, jambo hilo linajulikana vizuri. Wafanyakazi wa migodi waliagiza nguo na viatu kwa posta kutoka Uingereza, hasa kutoka kampuni za Manchester kama Oxendale. Kulikuwa na sababu ambayo si ya bei peke yake. Katika maduka mengi ya Wazungu kule, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kwa mlango. Alihudumiwa kupitia tundu la ukutani, akapewa alichopewa, bila kukijaribu wala kukichagua. Watu walipinga kwa kugomea maduka hayo katika miaka ya 1950. Lakini katalogi ilikuwa imekwisha kuwafungulia mlango mwingine. Barua haioneshi rangi ya mkono ulioiandika. Karani wa Manchester alisoma namba ya kiatu na kiasi cha fedha, basi. Kwa hiyo mzee anapoisifu suti iliyotoka ng'ambo kwa posta, tusidhani anasifu kitambaa tu. Anakumbuka siku alipotendewa kama mteja.

Magazeti nayo yalichochea hamu hiyo. Kuanzia mwaka 1948 serikali ya koloni ilitoa gazeti la picha lililoitwa Nos Images, lenye maandishi ya Kiswahili pia, ambamo familia ya kubuni ya Mbumbulu iliwafundisha wasomaji namna ya kuishi maisha yaliyoitwa ya kistaarabu. Mwaka 1957 Union Minière ilianzisha gazeti lake, Mwana Shaba, na baadaye likafuata toleo la vijana, Mwana Shaba Junior. Watoto wengi wa kambi walijifunza kupenda kusoma kwa magazeti hayo. Humo walionekana wafanyakazi wenye nyuso za furaha, nyumba safi, baiskeli zinazong'aa. Tuyasome magazeti hayo kwa shukrani na kwa macho wazi: mwenye kampuni ndiye aliyekuwa mwenye gazeti.

Historia ya posta yetu ina misukosuko yake. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitangaza kuwa dola, ikatoa hata stempu zake, ingawa haikukubaliwa kamwe katika Umoja wa Posta Duniani. Mwezi Septemba 1961 askari wa Ireland, waliokuja chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, walizingirwa hapa Jadotville kwa siku kadhaa mpaka wakajisalimisha. Mwaka 1966 mji ukapewa jina la Likasi. Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière zilichukuliwa na taifa, na kampuni iliyozaliwa humo ndiyo tuliyokuja kuiita Gécamines. Bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, na polepole kampuni, reli na posta vikapungukiwa na nguvu. Katika miaka ya 1992 na 1993, stesheni ileile iliyokuwa ikipokea vifurushi iligeuka makazi ya maelfu ya jirani zetu wenye asili ya Kasai, waliofukuzwa katika nyumba zao na kungoja treni ya kuwaondoa katika mji waliozaliwa. Mzee anaposimulia stesheni, mara nyingi husimulia vifurushi tu. Kumbukumbu huchagua, ndiyo sababu tunaihitaji historia.

Tuje sasa kwenye michezo. Nkambo zetu, kama tunavyowaita hapa, walitengeneza magari ya waya yenye usukani mrefu, mpira wa matambara, manati ya mpira wa ndani wa baiskeli, magurudumu ya kusukuma kwa fimbo. Mji wa migodi uliwapa na vifaa vingine ambavyo mtoto wa kijijini hakuwa navyo. Kulikuwa na treni ya mawe iliyopunguza mwendo kwenye mwinuko. Kulikuwa na mashimo yaliyojaa maji ya rangi ya kijani. Na kulikuwa na karbidi, lile jiwe la kijivu la mafundi wa kuchomelea, ambalo likikutana na maji hutoa gesi inayoshika moto kwa kishindo. Aliyefaulu kurusha kifuniko cha kopo juu ya paa alikuwa shujaa wa siku hiyo. Aliyepoteza kidole au jicho hakutajwa sana katika masimulizi, na aliyezama mtoni hayupo ili asimulie. Waliobaki ndio wanaotuambia kwamba hapakuwa na hatari. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wazee wa wazee hao, na bila shaka walikuwa na sababu.

Hata hivyo, hatuwezi kuilaani hatari yote. Mtoto anayepanda mti anajifunza kupima uzito wake na nguvu ya tawi. Anayevuka mto anajifunza kuusoma mto. Katika michezo hiyo mtoto aliiona hatari yake kwa macho: kimo kilionekana, mkondo wa maji ulionekana, mlio wa treni ulisikika. Aliweza kusema hapana na kurudi nyumbani, hata kama wenzake wangemcheka. Hatari ya namna hiyo ina ukweli ndani yake, kwa maana haijifichi. Iko hatari ya pili, ambayo haionekani, haina harufu wala sauti, na inajulikana kwa mtu mmoja huku mwingine akiishika mikononi. Tofauti ya hatari hizo mbili ndiyo kiini cha tafakari yetu, na hakuna mahali panapoifundisha vizuri zaidi kuliko Shinkolobwe.

Mwaka 1915, mtafiti wa madini Mwingereza, Robert Rich Sharp, aligundua huko Shinkolobwe mawe yenye rangi za ajabu: manjano, machungwa, kijani. Yalikuwa mawe ya urani. Uchimbaji ulianza mwaka 1921, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikaanza kutoa humo radiumu, ambayo ndiyo iliyotafutwa wakati ule. Mawe yetu yalikuwa tajiri kiasi kwamba wachimbaji wa Colorado, Marekani, walishindwa kushindana. Union Minière ikawa bwana wa soko la radiumu duniani, ikauza gramu moja kwa dola 70,000 hivi. Wanasayansi waliochunguza mawe hayo waliyapa baadhi majina ya wakubwa wa elimu ya mionzi: curite, becquerelite, sklodowskite. Mpaka leo vipande vya mawe ya Shinkolobwe vinauzwa ng'ambo kwa watu wanaokusanya madini kwa ajili ya uzuri wake.

Radiumu hiyo ilikwenda wapi? Sehemu ilikwenda hospitalini, ikawasaidia wagonjwa wa saratani, na hilo ni jema. Lakini sehemu nyingine iliingia katika vitu vya kuagizwa. Katalogi na maduka ya miaka ile yaliuza saa zenye mishale na namba zinazong'aa gizani. Rangi yake ilichanganywa na radiumu. Radiumu ilisifiwa kama uhai wenyewe. Kuanzia mwaka 1925 huko New Jersey, Marekani, William Bailey aliuza maji ya chupa yaliyoitwa Radithor, yenye radiumu ndani yake, akiahidi kwamba yangerudisha nguvu za mwili. Tajiri mmoja, Eben Byers, alikunywa chupa zaidi ya elfu moja. Taya lake likaoza, akafa mwaka 1932.

Waliozipaka rangi namba za saa walikuwa wasichana, wengine wakiwa wangali na umri wa wengi wenu mnaosoma hapa. Ili brashi iwe na ncha kali, walifundishwa kuichonga kwa midomo yao, na kila mara walimeza kidogo. Baada ya kazi, wengine walijipaka rangi hiyo kwenye kucha na kwenye meno ili wang'ae gizani dansini na kuwachekesha wenzao. Ulikuwa mchezo wa ujana, wa furaha, usio na nia mbaya. Wakati huohuo, katika jengo lilelile, wataalamu walioshika radiumu walijikinga kwa sahani za risasi na koleo. Hatari ilijulikana kwa chumba kimoja na kufichwa katika chumba cha pili. Wasichana wakaanza kung'oka meno, mifupa ikavunjika, wengine wakafa. Watano kati yao walishtaki kampuni, na kesi ikamalizika kwa mapatano mwaka 1928. Ushujaa wao ulisaidia kuleta sheria za kuwalinda wafanyakazi.

Basi vita vikaja, na jiwe letu likapata kazi nyingine. Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alielewa mapema kwamba urani ingeweza kuwa silaha. Mwaka 1940 aliamuru zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe zipelekwe New York, zikahifadhiwa katika kisiwa cha Staten Island. Mwezi Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alimwendea ofisini na kuyanunua. Mawe hayo yalikuwa na kiasi cha asilimia 65 ya oksidi ya urani, hali migodi mingine iliridhika na sehemu ndogo sana ya asilimia moja. Mradi wa siri uliotengeneza mabomu ya atomu ulitegemea sana Shinkolobwe, na miji ya Hiroshima na Nagasaki iliteketezwa mwezi Agosti 1945. Mwaka uliofuata Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani. Jina la Shinkolobwe, kwa muda mrefu, liliondolewa katika ramani.

Na hapa tunarudi kwenye katalogi na watoto. Marekani ya wakati ule ilikuwa na biashara kubwa ya vitu vya kuchezea vilivyouzwa kwa posta. Kampuni ya Johnson Smith, iliyoanza Chicago mwaka 1914, iliuza unga wa kuwasha mwili na mizaha mingine ya namna hiyo. Baadaye, kuanzia miaka ya 1960, magazeti ya katuni yalitangaza Sea-Monkeys, vijidudu vya majini vilivyochorwa kama familia ya kifalme. Mtoto akafungua kifurushi na kukuta kamba wadogo kuliko punje ya mchele. Wazee wa kule husimulia vitu hivyo kwa kicheko, kama wazee wetu wanavyosimulia karbidi. Lakini kati ya vitu hivyo kulikuwamo hiki: mwaka 1947 mtoto aliyetuma senti 15 na kipande cha boksi la nafaka ya asubuhi, Kix, alitumiwa pete ya bomu la atomu. Ndani yake kulikuwa na chembe ya poloni, na mtoto akichungulia gizani aliona vimulimuli vya mwanga. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Hiroshima.

Mwaka 1950 kampuni ya A. C. Gilbert, maarufu kwa vifaa vya kuchezea vya ujenzi, ilitoa sanduku la maabara ya nishati ya atomu kwa watoto, lenye chupa nne za mawe halisi ya urani na chombo cha kupimia mionzi. Bei yake ilikuwa dola 49.50. Ndani ya sanduku mlikuwa na kitabu cha katuni kilichoeleza namna ya kupasua atomu, kilichotungwa kwa ushauri wa Jenerali Leslie Groves, ndiye aliyeongoza mradi wa mabomu. Mawe ya sanduku hilo hayakutoka kwetu, yalitoka Marekani. Wala hatusemi kwamba sanduku hilo liliua watoto. Lilikuwa ghali, halikuuzwa sana, likaondolewa sokoni mapema. Tunalitaja kwa sababu ya jambo moja. Mtoto yule wa Marekani, katika mchezo uliohesabiwa leo kuwa wa hatari kuliko yote, alipewa kipimo cha mionzi, kitabu cha maelezo na chupa zenye vifuniko. Huku kwetu, wanaume wa Shinkolobwe walichambua mawe ya urani kwa mikono na kuyatia katika magunia ili yasafirishwe. Hawakupewa kitabu cha maelezo. Walifanya kazi ndani ya siri ambayo wao wenyewe hawakuwa sehemu yake.

Majina ya wasichana wa saa yameandikwa katika vitabu na kuimbwa katika michezo ya kuigiza. Majina ya Sharp, Sengier na Groves yamo katika kila historia ya atomu. Majina ya waliojaza magunia hayamo. Baadhi yao walizaa, na wajukuu wao wanaweza kuwa wamekaa katika mkutano wenu wa Jumapili. Hiyo ndiyo kasoro ya kutamani zamani bila kuichunguza: zamani huonekana tamu kwa kuwa tumewatoa katika picha wale walioilipia.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960, kabla ya uhuru, na visima vyake vikazibwa kwa saruji. Mwaka mmoja kabla ya hapo, chuo kikuu cha Lovanium huko Kinshasa, chini ya Monsinyori Luc Gillon, padri aliyekuwa mtaalamu wa fizikia, kilipata tanuri la atomu la kwanza barani Afrika, la utafiti na elimu. Jiwe, basi, si ovu. Linaweza kuponya, kufundisha au kuua. Inategemea mikono na ukweli unaoambatana nalo.

Lakini shimo lililozibwa halikukaa limezibwa. Gécamines ilipodhoofika, familia za Likasi zilitafuta chakula pale zilipoweza. Katika mpango wa mwaka 2003, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliacha kazi kwa malipo ya mara moja, na nyumba nyingi zikabaki bila mshahara. Maelfu walikwenda kuchimba kobalti kwa mikono huko Shinkolobwe. Mwezi Januari 2004 amri ya Rais ilifunga eneo hilo. Mwezi Julai mwaka uleule sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua watu wasiopungua 8. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliofika baadaye walisema kwamba hatari ya kwanza ni udongo kuporomoka, na kwamba mionzi nayo ni tishio kwa anayekaa humo muda mrefu. Hatari mbili pamoja: moja inayoonekana, moja isiyoonekana.

Na watoto? Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba wavulana na wasichana wapatao 40,000 walifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa nchi yetu. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto na kumkataza mtu yeyote kumtia katika kazi za namna hiyo. Tunajua sote kwamba sheria iko karatasini na kwamba njaa iko mezani. Tunajua pia maneno yanayotumika kuituliza dhamiri: ni watoto tu, wanachezacheza na mawe, hata sisi tulicheza migodini. Hapo ndipo simulizi tamu ya mzee inapogeuka kuwa kifuniko cha maovu. Mtoto aliyedandia treni mwaka 1955 alicheza, kisha akarudi nyumbani kula. Mtoto anayeosha mawe mtoni leo hachezi. Hawezi kusema hapana, wala hajui kilichomo katika vumbi analovuta. Anayemnunulia mawe hayo, yeye anajua.

Kobalti hiyo husafiri mbali, kama radiumu ilivyosafiri, na hurudi ikiwa ndani ya betri ya simu. Kijana wa leo naye huagiza: anafungua katalogi kwenye kioo, anachagua viatu, anatuma fedha kwa simu, anangoja. Hamu ni ileile ya yule mfanyakazi aliyeandikia Manchester, nayo ni hamu ya haki: kuchagua, kupendeza, kuheshimiwa. Hatuwaambii mzime simu wala msitamani viatu vizuri. Tunawaomba tu mkumbuke kwamba kila kifurushi kina mwanzo, na kwamba mara nyingi mwanzo wake ni Katanga.

Tunawapendekezea kazi moja ya mwezi huu katika vikundi vyenu. Kila mmoja amwendee mzee mmoja wa Likasi, kwa heshima na bila haraka. Amwulize kwanza mambo ya furaha: Mlicheza nini? Mliagiza nini kutoka ng'ambo, na siku kifurushi kilipofika ilikuwaje? Kisha amwulize mambo ambayo hayaulizwi: Nani aliwaonya juu ya hatari? Nani alijua na akanyamaza? Nani mlicheza naye, au mlifanya kazi naye, ambaye hakurudi nyumbani? Yaandikeni majibu katika daftari la kikundi, pamoja na jina la aliyepotea, iwapo familia yake inakubali. Akiwa ni mtoto anayechimba leo, jirani yenu, msingoje awe simulizi: mwendeeni yeye na wazazi wake, na mzungumze na walimu wa shule iliyo karibu juu ya kumrudisha darasani.

Mtakapokutana tena, msomeeni mzee yeyote daftari hilo. Bila shaka atacheka mahali pa kucheka. Na pale atakaponyamaza, nyamazeni naye kidogo, kisha mwombeni aendelee.